Wafo za jibini, na kwa nini muuza mahamri hali mahamri yake

Juzi usiku, mikono yangu imo kwenye unga hadi viwiko, simu ikalia. Dada mmoja wa Changamwe ameniandikia: "Assalaam aleikum dadangu. Nimejaribu zile wafo zako za jibini. Zimeganda mashine nzima, yai lanuka, na mume wangu amecheka mpaka akapaliwa na chai. Nimekosea wapi?"

Wa aleikum salaam, dadangu. Hujakosea mbali. Yangu ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko hiyo yako, na walionicheka hawakuwa mmoja. Nilitaka kukujibu kwa mistari miwili nikaona haitoshi, maana wafo zenyewe, yai na jibini tu kwenye mashine ya kuchoma, bila unga, ni rahisi, lakini mimi kuzifikia kulinigharimu.

Wanaonijua wanajua kazi yangu ni mahamri. Huu ni mwaka wa kumi na moja, baraza ni ile ile moja, Kibokoni, hapa Mombasa. Usiku nakanda kwa tui la nazi na hiliki, saa kumi alfajiri nakata, saa kumi na mbili karai limeshika moto na watoto wa shule wamejipanga na mabakuli yao ya mbaazi. Kukanda sikufundishwa na kitabu, nilifundishwa na mamangu kwa kupigwa mwiko vidoleni. Unga nikiugusa tu najua kama utaumuka au utanitia aibu. Hamri langu likitiwa mafutani hufura kama mto. Sijisifu, waulizeni watu wa mtaani.

Sasa mtu kama huyo ndiye aliyekwenda kupimwa sukari asubuhi hajala kitu, kipimo kikasoma 13.8 (milimoli kwa lita). Muuguzi alikitazama kile kimashine, akanitazama mimi, akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia alitaka kucheka, akajizuia. Wakanipima tena siku nyingine, haikushuka. Asiye na kisukari hafikii 7 kwa kipimo hicho cha kufunga usiku, ukifika 7 ndiyo wanaita kisukari. Mimi nilikuwa nimeipita zamani.

Nilirudi nyumbani nikahesabu. Unga wa ngano gramu 100 una wanga karibu gramu 75, hapo sukari ya kutia kwenye donge sijaihesabu. Na mimi kila asubuhi nilikuwa nakula mahamri manne na chai ya maziwa, na mengine mawili ya kuonja. Kuonja gani, kila siku kwa miaka yote hiyo, hamri ni lile lile!

Basi nikaacha. Na hapa ndipo nilipofanya ujinga wangu mkubwa, nausema wazi ili mwingine asiufanye. Nilikuwa nimepewa vidonge vya aina mbili, metformini na glibenklamaidi. Nikaendelea kuvimeza vile vile, huku wanga nimeukata wote kwa siku moja: hakuna hamri, hakuna wali, hakuna chapati, hakuna muhogo. Nilijiona shujaa. Siku ya tatu nilikuwa sokoni Marikiti nanunua hiliki, mara jasho la baridi likanitoka, mikono ikatetemeka mpaka pochi ikanianguka, maneno yakawa hayatoki sawa. Muuza viungo akanikalisha juu ya gunia la bizari na kunitilia soda mdomoni kama mtoto. Nilipopimwa baadaye kidogo, na soda ile nimeshainywa, bado ilikuwa 3.6. Chini ya 4 ni hatari kwa anayemeza dawa kama zangu. Daktari aliniambia neno moja tu: "Wewe umeacha kula, kidonge hakina habari." Glibenklamaidi inashusha sukari uwe umekula au hujala. Akanipunguzia dozi.

Kwa hiyo dadangu, na wengine mnaonisoma: mkiwa mnadunga insulini au mnameza vidonge vya sukari, msianze kukata wanga kabla ya kumwona daktari wenu. Hilo kwanza, wafo baadaye.

Miezi miwili iliyofuata sina la kuieleza. Nilikula mayai.

Lililoniuma halikuwa njaa. Lilikuwa jirani. Mwanamke tuliyekopeshana chumvi miaka, aliniona asubuhi tatu nne nimekaa barazani na kikombe cha sturungi, chai ya rangi, kavu bila kitafunio, mahamri yamejaa sinia mbele yangu na mkono sipeleki. Akaanza kuuliza watu: "Mwenyewe hali. Ametia nini mule?" Neno dogo hivyo. Mombasa neno kama hilo halihitaji miguu. Wiki mbili nilirudisha ndani nusu ya sinia kila siku, na kwenye biashara ya mahamri nusu sinia ndiyo faida yote. Na mimi badala ya kusimama niseme, "Jamani, mimi nina sukari", nilinyamaza. Niliona aibu. Muuza nyama akiugua gauti husemwa, maskini. Lakini muuza mahamri mwenye sukari niliona atachekwa. Nikaanza kula kwa kuigiza, nalimega hamri mbele ya wateja, nalitia kinywani, halafu nakwenda ndani kulitema. Mtu mzima mimi!

Wafo nilizipata kwa mtoto wa dadangu aliyeko Marekani. Huko, watu wanaokula bila wanga walizishika sana mwaka 2019: yai na jibini, unachanganya, unatia kwenye mashine ya wafo, basi. Hakuna unga kabisa. Wenyewe huziita chaffle, jibini na wafo wamefungishwa ndoa kwenye neno moja. Mimi jina hilo sikulitaka, kwa Kiswahili linakwenda kwenye "chafu" moja kwa moja. Nikasema wafo. Mamangu, masikio yake si ya zamani tena, alisikia "wafu" akashika kifua: "Mwanangu, wafu unawala na chai?" Mpaka leo nyumbani kwetu ndilo jina lake. "Nipasulie mfu mmoja."

Kijana alipokuja likizo akaniletea mashine kutoka huko huko. Nzuri, nyekundu, ndogo. Ina pini mbili bapa. Nikanunua adapta, nikaichomeka. Haikupita dakika mbili: harufu ya plastiki, mlio, stima ya nyumba nzima ikazimika. Hakuna aliyeniambia kwamba adapta inabadilisha pini tu, haibadilishi umeme. Kule volti ni 120, kwetu ni 240. Volti zikiwa mara mbili, joto la waya ule linakuwa mara nne. Nilipika wafo sifuri, mashine nikaipika yote. Basi ukiletewa zawadi, igeuze usome chini. Kama imeandikwa 120 peke yake, iweke kabatini iwe pambo. Ya pili nilijinunulia mwenyewe Barabara ya Digo, ya 240, ya kutoa wafo moja kwa moja, ukubwa wake kama kisahani cha kikombe.

Kisha jibini. Jamani, jibini ni ghali. Kipande cha robo kilo kinapita bei ya pakiti mbili za unga, na mimi pakiti mbili za unga nazigeuza pesa. Nikaona panir kwenye duka la Kihindi, bei nafuu, nyeupe, nikasema jibini ni jibini. Nikaikwaruza, nikachanganya na yai, nikatia. Ilitoka kimanda chenye changarawe. Haikuyeyuka hata chembe. Nikadhani nimeuziwa mbovu, nikarudi dukani nikiwa na maneno yangu tayari. Mzee wa dukani akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Bibi, panir haiyeyuki. Ndiyo maana tunaikaanga." Ni kweli. Panir hugandishwa kwa ndimu au siki, na iliyogandishwa hivyo moto haiilainishi, inabaki vipande. Inayotakiwa ni ile iliyogandishwa kwa kimeng'enya: mozarela, cheda, gauda. Hizo ndizo hutiririka na kushikamana. (Kimeng'enya kile asili yake ni tumbo la ndama, siku hizi nyingi hutumia cha vijidudu. Anayejali halali asome karatasi, mimi huisoma.) Mimi natumia mozarela, haina ukali na haitoi mafuta mengi. Cheda ina ladha zaidi lakini inatoa mafuta, ukiizidisha wafo inaogelea.

Na ununue kipande, usinunue ile iliyokwisha kukwaruzwa kwenye mfuko. Ile mara nyingi imepakwa wanga wa viazi ili isishikane. Kidogo, ndiyo, lakini kama unakimbia wanga mlango wa mbele, kwa nini uufungulie wa nyuma?

Haya. Sasa nina mashine sawa, jibini sawa, na mkono uliokanda unga maisha yangu yote. Ikaganda. Nikajaribu tena, ikaganda. Mara saba, dadangu wa Changamwe, nimehesabu mara saba. Nilikuwa natoa vipande kwa kijiti cha mshakiki huku nalia, si kwa sababu ya wafo. Nililia kwa sababu nilikuwa nimenyang'anywa kitu kimoja ninachokijua duniani, na hiki cha kuchukua nafasi yake hakinitaki.

Kosa lilikuwa mkono wenyewe. Mahamri yanataka mkono mwepesi. Ukishaliweka mafutani, usipolimwagia mafuta juu, usipolipindua, ukikaa kulitazama tu, litaungua. Miaka kumi na moja mkono wangu umezoea kuingilia. Basi wafo nayo, dakika moja ikipita, mkono umekwenda kwenye kifuniko. Fungua, chungulia. Na ukifungua wakati yai halijashika, nusu inakwenda na kifuniko cha juu, nusu inabaki chini, na hapo hakuna dawa.

Usifungue. Ushauri wangu mwingine wote unaweza kuusahau.

Siku iliyofaulu, nilikuwa nimeitiwa mlangoni na mtu wa maji. Nikamlipa, tukabishana chenji, nikarudi mbio nikijua imeungua. Nilipofika jikoni nikasikia kimya. Mwanzo wafo inapiga kelele, inafoka, mvuke unatoka pembeni mweupe kama wa birika. Hayo ni maji ya yai na ya jibini yanaondoka. Baadaye mvuke unakuwa uzi. Baadaye tena hauonekani, na sauti inabaki mlio mdogo wa mafuta ya jibini, kama karai ukilipunguzia moto. Hapo ndipo. Nilifungua, kifuniko kikapanda peke yake bila kubishana na mtu. Rangi yake ilikuwa kama hamri lililoiva, kingo zake zimekuwa kama lesi. Nilisimama nayo kwenye kijiti mpaka ikapoa. Sikuila. Nilimpelekea mamangu kwanza.

Vipimo vyangu, maana najua mtauliza: yai moja, jibini iliyokwaruzwa nusu kikombe, yaani gramu 55 hivi. Piga kwa uma. Chumvi usitie, jibini inayo tayari. Mashine yangu ndogo hapo inatoa mbili, na mbili hizo kwa pamoja zina wanga kama gramu 2. Mashine iwe imeshika moto dakika tano nzima kabla hujatia chochote, hata kama taa yake imeshakwambia tayari. Taa ya mashine yangu ni mwongo. Kabla ya kumimina, nyunyiza jibini kidogo kwenye bati kavu, iache itoe povu, ndipo umimine, halafu nyunyiza tena juu, funga. Jibini ile ya kwanza ndiyo inayokaanga ganda na kuzuia yai lisishike bati. Dakika nne, tano. Na usifungue.

Ikitoka usiipange juu ya mwenzake wala usiitie kwenye sahani ya udongo, itatoa jasho na kulainika. Mimi naiweka kwenye chujio langu la mahamri, ile ya waya, hewa ipite chini. Dakika tatu inakuwa kavu inavunjika.

Harufu ya yai, hilo ni swali la haki. Dawa mojawapo ni kutoa kiini, utumie ute peke yake. Lakini mimi kiini sitakitupa wala hutanisikia nikikufundisha kutupa. Dawa yangu ni machicha. Sisi wa mahamri, nazi tukishaikamua tui, machicha tunawapa kuku. Siku moja nikayatazama nikawaza, huu si ndio ule unga wa nazi wanaouza kwa mfuko mdogo bei ya dhahabu? Ni huo huo, umekamuliwa na kukaushwa. Nikayaanika juani kwenye sinia, na kwa unyevu wa Mombasa yakaota ukungu siku ya pili. Sasa nayakausha juu ya kikaango, moto mdogo kabisa, nikiyageuza, mpaka yawe kama mchanga wa Nyali. Halafu nayasaga kwenye blenda na kuyaweka kwenye friza, kwa sababu ya kwetu ya nyumbani yana mafuta bado na yanachacha upesi. Kijiko kimoja cha mezani kwenye yai moja, na punje mbili za hiliki zilizotwangwa. Usizidishe kijiko, machicha yanafyonza maji kama kitambaa. Wacha mchanganyiko utulie dakika mbili. Harufu ya yai inakwisha, na inakuja harufu nyingine ambayo mimi naijua tangu utotoni. Si hamri. Usiiulize iwe hamri. Lakini nazi na hiliki zimo, na chai ya asubuhi imepata mwenzake.

Nazila siku tatu kwa wiki, si kila siku. Jibini ni chumvi na mafuta, na daktari yangu ananipima presha pia, hataki nitoke shimoni niingie kisimani. Siku nyingine nala samaki, mchicha, mbaazi nusu bakuli.

Kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilikuwa asilimia 10.2, sasa ni 6.8. Sisemi ni wafo. Ni vidonge, ni kutembea kutoka Kibokoni hadi Makadara na kurudi kila jioni hata kama nimechoka, ni kuacha yale mahamri sita ya asubuhi. Lakini bila kitu cha kutafuna na chai nisingeweza kuacha, najijua.

Na ninyi kina mama, niwaambie ukweli hata mkinuna. Tunaficha. Vidonge tunaviweka kwenye mkebe wa majani ya chai, wageni wakija tunakula walichokula wageni ili tusiulizwe, kwenye harusi tunapokea sahani ya pilau kilima kizima kwa sababu kukataa ni kiburi. Halafu mguu ukianza kuoza tunasema ni jicho la mtu. Mume wako anayecheka na chai mdomoni, dadangu, mwambie akapimwe yeye. Mwache acheke akisubiri majibu. Mimi niliogopa mdomo wa jirani mmoja mpaka nikawa natema hamri langu mwenyewe kwa siri. Siku niliyosimama barazani asubuhi nikasema kwa sauti, "Mimi nina sukari, ndiyo maana sili", watu walikuwa kama kumi na tano kwenye foleni. Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja alisema, "Hata mimi", akaomba mbaazi peke yake bila mahamri. Mwingine nyuma naye, "Hata mimi." Wote hao walikuwa wateja wangu. Nilikuwa nawauzia.

Jirani yangu hakurudi kununua. Kila asubuhi anapita mbele ya baraza na mfuko wa mahamri ya mtu mwingine, ya mtaa wa pili, mahamri membamba yale hayana hata hiliki. Salamu tunapeana.

Sasa wewe wa Changamwe, mashine yako. Usiikwaruze kwa kisu, utautoa ule mpako usioganda na hapo kila kitu kitaganda milele. Ichomoe. Ingali na moto kidogo, weka kitambaa kilicholowa maji na kukamuliwa katikati, funga kifuniko juu yake, iache robo saa. Mvuke utalainisha, kisha futa. Kwenye vijishimo tumia kijiti cha mshakiki. Usiitose kwenye maji. Ikikauka ipake mafuta kwa kidole, iwashe tupu dakika tano, ujaribu tena na yai moja tu, kesho asubuhi, mume akiwa ameshatoka.

Unga wangu umeumuka umepita mdomo wa sufuria. Nakwenda kukata.